Sori ya Injinia Kaijage

Siku tingatinga lilipopita kwenye kibanja chao, Auleria na mkwewe Ainembabazi hawakuwepo nyumbani. Walikuwa wamevuka kilima kwenda kumzika jirani, na waliporudi alasiri, vumbi la mazishini likiwa bado miguuni, waliona anga mahali ambapo siku zote walikuwa wakiona migomba. Safu nzima ya kando ya barabara ilikuwa imelala chini, mikungu michanga imepondeka. Mibuni kadhaa iling'olewa na mizizi yake. Na kule mwisho wa kibanja, mahali alipolala Elpidius, palikuwa na lundo la udongo mwekundu la kimo cha kifua, na alama za minyororo ya tingatinga zimepita ubavuni mwake.

Elpidius alikuwa mtoto pekee wa Auleria na mume wa Ainembabazi. Walimzika katikati ya migomba, kama watu wa Nyakakika wanavyowazika watu wao, asiwe mbali na nyumba. Walikuwa hawajalijengea kaburi. Lilikuwa na msalaba wa mbao, mawe yaliyopangwa kuzunguka, na maua ambayo Ainembabazi aliyamwagilia kila kiangazi kwa maji ya kuogea. Sasa hata ncha ya msalaba haikuonekana.

Auleria hakulia. Alilizunguka lile lundo taratibu, akaokota jiwe moja lililochungulia, akalifuta kwa kanga yake.

"Wamemzika mara ya pili," alimwambia mkwewe, "na safari hii hawakutuita."

Haikuwa ajali ya mtu asiyejua. Vigingi vya barabara vilipowekwa, Auleria mwenyewe alimwonyesha injinia lile kaburi, na injinia akaridhia kwamba liko nje ya mpaka, halitaguswa. Barabara yenyewe kila mtu aliitaka. Kwa miaka mingi mlima ule ulikuwa ukigeuka utelezi mvua zikianza, kahawa ikikaa majumbani na wagonjwa wakishushwa kwa machela. Auleria aliitaka kuliko wengi. Elpidius alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani, amelazwa kwenye machela chini ya mlima, wakisubiri gari lililoshindwa kupanda.

Jioni ile injinia alikuja, akiongozana na Melkiory, mwenyekiti wa kijiji. Injinia aliitwa Kaijage, mtu wa Muleba, umri wake haukupita sana ule ambao Elpidius angekuwa nao. Alikuwa na adabu. Alivua kofia yake ya kazi, akamwamkia Auleria, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Sori sana, mama," alisema. "Sori sana kwa kilichotokea."

Kisha alieleza kwamba kampuni italipa fidia ya migomba na mibuni, na kwamba kijana mmoja atatumwa kuja kutathmini. Melkiory alishukuru kwa niaba ya kijiji kabla Auleria hajafungua kinywa. Waliondoka mapema, maana wingu lilikuwa limetanda upande wa Rwanda.

Auleria alibaki mlangoni. Kuna kitu kilimkereketa kooni kama mwiba wa samaki, na ilimchukua muda kukitambua. Mtu akikwambia pole, unajibu asante, au nimeshapoa. Mtu akikwambia samahani, unamwambia nimekusamehe, au unanyamaza naye akajua kwamba bado. Injinia alikuwa amemwambia sori, na yeye hakuwa na la kujibu.

Walipokuwa wakimenya ndizi za jioni, alimuuliza Ainembabazi maana yake. Ainembabazi alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya msingi.

"Wenyewe Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili," Ainembabazi alimweleza. "Ukifiwa, jirani asiyehusika atakwambia sori. Akikukanyaga, atakwambia sori hiyohiyo. Kwetu la kwanza ni pole na la pili ni samahani."

Auleria aliuliza wenyewe wanajuaje lipi ni lipi. Ainembabazi alisema wanajua kwa kuangalia jambo lenyewe, na kwa sauti. Aliongeza kwamba hata hiyo ya Waingereza imebadilika njiani. Zamani ilikuwa neno la mtu mwenye kidonda moyoni, siku hizi wanalitumia hata kwa kumwomba mtu arudie alichosema.

Auleria aliendelea kumenya. Neno lile alikuwa amekutana nalo mara nyingi maishani bila kuliuliza linakotoka. Darasa la tatu, mwalimu aliwasimamisha wachelewaji mlangoni na kuwatamkisha sentensi ndefu yenye sori ndani yake, na kwa miaka mingi yeye aliamini kwamba sori ni Kiingereza cha kuchelewa. Baadaye, sokoni Kayanga, wapagazi walilitumia kumwambia apishe mzigo. Vijana wa bodaboda walilirusha nyuma ya bega wakishamrushia mtu matope. Timu ya jirani ikifungwa mpira, watoto waliwaimbia sori, na hapo lilikuwa dhihaka. Elpidius alipokufa, simu ya Ainembabazi ilijaa sori za walimu wenzake, na zile zote zilikuwa pole. Zilitoka moyoni, na walizipokea.

"Na huyu injinia," Auleria alisema hatimaye, "ametupa ipi?"

Ainembabazi aliweka kisu chini. Alisema hajui. Alisema pengine injinia mwenyewe hataki ijulikane.

Jumatatu Auleria alivaa gauni lake la kanisani akaenda kwa miguu hadi kambi ya kampuni ya barabara. Alimkuta Kaijage chini ya turubai, ramani imetandazwa mezani. Alikaribishwa kiti. Aliuliza swali lake bila kuzunguka: ile sori ya juzi ilikuwa ya pole au ya samahani?

Kaijage alitabasamu kama mtu aliyeulizwa kitendawili na bibi yake. Alisema neno ni lilelile, mama, yote yamo humo.

"Kama yote yamo humo, basi hutashindwa kulitoa moja," alisema Auleria. "Nitolee samahani."

Tabasamu likapungua. Kaijage alisema tathmini ya fidia inakuja, na kwamba kampuni inasikitika sana. Auleria alimjibu kwamba migomba huota tena, hakuja kwa ajili ya migomba. Alitaka mambo mawili: udongo ule uondolewe kwa majembe na mikono, si kwa mashine, na yeye aliyeliona kaburi akaridhia lisiguswe aje asimame hapo aseme samahani. Injinia alitazama simu yake, akasema ana kikao.

Siku ya pili yake, jua likielekea kutua, mtu mwingine alipiga hodi. Alikuwa Lameck, dereva wa lile tingatinga, mzaliwa wa Nyakatuntu kule Kyerwa. Alikataa kiti. Alisimama uani, kofia mkononi, na kabla hata ya kukaribishwa maji alisema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Mikono iliyoshika usukani ni hii."

Auleria aliitazama mikono ile. Kisha akamuuliza kama aliuona msalaba.

Lameck alisema aliuona. Alizima mashine, akashuka, akamwendea injinia na kumwambia kwamba mbele kuna kaburi. Lakini kona pale ilikuwa kali, na kuilegeza kulihitaji kujaza udongo upande wa chini. Kuihamishia upande wa juu kungekula wiki nzima ya kupasua mwamba, na mvua za Machi zilikuwa zimekaribia. Injinia alimwambia apite, watayamaliza na familia baadaye. Yeye akapanda akapita. Usiku ule, alisema, chakula hakikushuka.

"Kwa nini hasemi hivyo mwenyewe?" Ainembabazi aliuliza.

Lameck alieleza kwamba wakubwa wa kampuni waliwaonya tangu mwanzo: likitokea jambo, mtu yeyote asitamke neno la kukiri kosa, maana neno hilo hugeuka kesi. Waseme sori, basi. Sori haimfungi mtu. Na jana yake, aliongeza huku akiangalia chini, ameambiwa arudi kwao Nyakatuntu, kwa sababu taarifa iliyokwenda juu inasema dereva alikosea kwa uzembe wake.

Auleria aliinuka, akamshika Lameck bega. "Wewe nimekusamehe," alisema. "Ulikosea kupanda tena, lakini ulishuka kwanza ukasema. Sasa kaa ule."

Lameck alikaa, na safari hii chakula kilishuka. Alipoondoka, Ainembabazi alitarajia mama mkwe wake awe amepungua uzito moyoni. Haikuwa hivyo. Auleria alisema sasa injinia ana makosa mawili: la kwanza amefukia kaburi kwa udongo, na la pili amelifukia kosa hilo kwa mgongo wa mtu mwingine.

Habari zilienea, na si wote waliompenda kwa hilo. Majirani walisema mama Elpidius anatafuta ugomvi na serikali. Wengine walihofu kampuni itahamisha mitambo yake na kuwaachia mlima uliochimbwa nusu. Melkiory alikuja kumsihi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti aliyeahidi barabara katika chaguzi mbili na kwa mara ya kwanza alikuwa akiiona. Alimwomba Auleria apokee fidia, ajenge kaburi la kisasa lenye vigae, jambo liishe.

"Melkiory," Auleria alimwambia, "wewe ulikuwa umeshika mguu wa kushoto wa ile machela. Nani katika kijiji hiki anaitaka barabara kunishinda? Sijamzuia mtu kazi. Sijalala mbele ya mtambo. Nimeomba neno moja, na ninyi nyote mnaniambia ni zito kuliko mlima."

Melkiory alisimama kuondoka. Ila kabla ya kuaga alimwambia kwamba Alhamisi injinia atakuja kwenye mkutano wa kijiji kueleza maendeleo ya kazi, na kwamba mwenyekiti hana mamlaka ya kumnyima mwanakijiji nafasi ya kuuliza.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Watu walijaa hadi kwenye ngazi, wanaume wengine wakiwa wametoka moja kwa moja shambani na mapanga yao. Kaijage alizungumza vizuri. Alieleza makalvati yaliyobaki, mitaro, tarehe ya kumwaga kifusi. Kisha alisema kulikuwa na changamoto ndogo katika kibanja kimoja, kwamba lilikuwa kosa la dereva, hatua zimekwisha kuchukuliwa, na yeye binafsi alishakwenda kusema sori.

Auleria alisimama. Hakupaza sauti, watu ndio walionyamaza ili wamsikie.

Aliuliza kama ni kweli dereva alishuka kwenye mtambo akamwambia injinia kwamba kuna kaburi. Kaijage alisema mambo ya kiutendaji hawezi kuyajadili hapo. Auleria alitikisa kichwa polepole, kama aliyetegemea hilo, akauliza jambo jingine.

"Baba yako yu hai, injinia?"

Kaijage alisita. Alisema alifariki.

"Amelala wapi?"

"Nyumbani. Muleba."

"Kibanjani?"

"Ndiyo, mama. Kibanjani."

 Auleria hakusema je, ingekuwa wewe. Alisema kwamba lugha ya Muleba na ya Nyakakika zinasikilizana, kwa hiyo si lazima watumie Kiingereza, na hata Kiswahili si lazima. "Sema kwa lugha uliyosemea kwa mama yako ulipovunja chungu," alimwambia. "Hatutakupeleka popote. Ninataka tu kujua nikujibu nini."

Baadhi ya watu walicheka kidogo, wakaacha. Kaijage alisimama na karatasi zake mkononi. Mtu wa kampuni aliyekuja naye, mgeni asiyejulikana pale, alimgusa kiwiko na kumnong'oneza kitu. Kaijage aliitikia kwa kichwa, akafungua mdomo, na wote waliokuwa karibu waliona midomo yake ikijikunja kuanza lile neno la Kiingereza. Halikutoka. Alimtazama yule mgeni, akamtazama Melkiory, kisha akaziweka karatasi juu ya meza na kuziwekea kofia yake zisipeperuke.

Alisema kwanza kwa Kihaya cha kwao, kwa sauti ya chini, na wazee wa mbele waliosikia waliinamisha vichwa. Halafu akarudia kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe.

"Mama, nisamehe. Uliponionyesha kaburi nilikuahidi. Lameck alishuka akanikumbusha. Mimi ndiye niliyemwambia apite, kwa sababu niliogopa mvua na niliogopa kuchelewesha kazi. Kosa si lake. Ni langu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni wa kampuni alikwenda kwenye gari na kuanza kupiga simu. Ainembabazi, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na wanawake wengine, alijifunika uso kwa kanga na kulia, na hakuwa amelia tangu siku ile waliporudi mazishini.

Auleria alibaki amesimama. Watu walimngoja. Pengine walitegemea amkumbatie injinia, au amlaani. Lolote kati ya hayo wangelielewa.

"Nimesikia," alisema. "Sasa jibu ninalo, lakini sitalitoa hapa. Njoo kesho na jembe."

Kaijage alifika asubuhi, umande haujakauka. Lameck alikuwepo kabla yake. Ainembabazi alikuwa amempigia simu, naye alikuja kutoka Nyakatuntu kwa pikipiki ya kaka yake. Wale wawili walisalimiana kwa shida. Kaijage alimwomba radhi mbele ya wanawake wale, na Lameck akasema wafanye kazi kwanza, jua litawakuta. Melkiory alikuja na beleshi. Walikuja pia majirani ambao juzi walikuwa wakinung'unika, wamebeba karai na mabeseni, na Auleria hakumkumbusha yeyote maneno yake.

Udongo ulikuwa mzito. Walioanza na majembe waliyaacha walipokaribia chini, wakaendelea kwa mikono. Kaijage alivua buti zake, maana aliona si vema kusimama hapo na buti. Msalaba ulipopatikana ulikuwa umevunjika mkono mmoja. Mawe yaliibuka moja moja, na Ainembabazi alikuwa akiyapokea na kuyaosha kwenye ndoo. Ardhi ya kaburi lenyewe ilikuwa imebonyea lakini haikuwa imefunguka. Elpidius alikuwa amelala kama walivyomlaza. Auleria aliweka kiganja chake juu ya udongo ule wa zamani, ulio mweusi na laini kuliko mwekundu wa barabara.

Kisha aliinuka, akafuta mikono, akamwendea Kaijage.

"Nimekusamehe," alisema.

Kaijage alisema asante. Kisha akaliokota jembe lake na kulifuta udongo. Katekista wa kanisa lao, aliyekuja na majirani, aliongoza sala fupi, wakala ndizi na maharage, na mvua ya kwanza ikawakuta bado wamekaa barazani.

Haikuwa rahisi kwa Kaijage baada ya hapo. Kabla mwezi haujaisha alihamishwa, akaletwa injinia mwingine, na ilisemekana kwamba wakubwa wake walimkasirikia sana. Yeye mwenyewe alipita kuaga. Alimwambia Auleria kwamba ameandika taarifa upya kwa mkono wake, na kwamba hajutii. Lameck aliitwa tena kazini, akapewa greda kwenye kipande cha barabara upande wa Kyerwa, karibu na kwao, na hulala nyumbani kila siku.

Injinia mpya hakutaka maneno na familia ile. Aliacha upande wa chini wa kona kama ulivyokuwa, akapasua mwamba upande wa juu, ingawa mvua ziliwakamata na kazi ikaenda hadi Juni. Kwa hiyo barabara ya Nyakakika, inayopanda mlima imenyooka, ikifika kwenye kibanja cha Auleria inajikunja kidogo kuelekea mwambani kabla ya kunyooka tena. Madereva wa malori ya kahawa wasioijua hulalamika kwamba mchoraji alilewa rubisi, ile pombe ya ndizi. Wenyeji hupunguza mwendo bila kuambiwa. Msimu uliopita, usiku wa mvua kubwa, gari la wagonjwa lilipanda hadi juu, likamchukua mjamzito wa nyumba ya tatu, likashuka salama. Auleria alilisikia kutoka kitandani likibadilisha gia kwenye kona, akatega sikio mpaka mngurumo ulipozama bondeni, ndipo akavuta blanketi akalala.